Kabro Juu ya Bomba la Zimamoto: Barua ya Wazi kwa Bodi ya Manispaa na Wawakilishi wa Wadi

Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Bodi ya Manispaa, Bwana Meneja wa mji, na Waheshimiwa Wawakilishi wa Wadi mnaoketi katika Bunge la Kaunti,

Ninayoyaleta hayana sukari, mtanisamehe.

Jina la mji wetu silitaji. Mtajijua kwa dalili: mji wa pwani, soko moja, hospitali moja, bandari ndogo ya madau, kituo cha matatu chenye tope wakati wa masika na vumbi wakati wa kaskazi, na katikati yake bustani moja ya umma yenye mkwaju mkubwa na mikungu. Wasomaji wa miji mingine wakidhani nawasema wao, basi na waipeleke barua hii kwa bodi zao. Nadhani itafaa bila kubadilishwa sana.

Mimi ni mzimamoto mstaafu. Niliajiriwa na lile baraza la manispaa la zamani, kabla kaunti hazijaanza kazi mwaka 2013, na kwa jumla nilishika mpira wa maji miaka ishirini na sita. Nyumba yangu inatazamana na lango la magharibi la bustani. Kila siku baada ya alfajiri nakaa barazani, na kila mwaka wa fedha naona kwa macho yangu mnavyoiboresha. Naona lori likiingia, naona lori likitoka. Nimeandika sasa kwa sababu sheria inataka makadirio ya bajeti yafike Bunge la Kaunti kufikia tarehe 30 Aprili, na Machi inayoyoma.

Watu wa mji huu wamezoea kuzungumza habari za bustani siku yake na habari za usalama siku yake. Bustani, husema, ni mambo ya kina mama na watoto. Zimamoto na taa za barabarani ni mambo ya wahandisi. Katiba ya 2010 haikuzitenga hivyo. Ukifungua Jedwali la Nne, Sehemu ya Pili, utakuta bustani na fuo, taa za barabarani, na kuzima moto vyote vimewekwa kwenye kapu moja, na kapu hilo limekabidhiwa kaunti. Kwa hiyo hakuna wa kumsingizia. Lakini mimi sikulijua hilo kwa kusoma Katiba. Nililijua usiku mmoja wa Januari mwaka jana.

1. Bomba lililozikwa.

Kaskazi ilikuwa inavuma, na mnajua makuti yakikaushwa na kaskazi yanakuwaje. Moto ulianzia jikoni katika nyumba moja nyuma ya bustani, saa nne za usiku. Gari la zimamoto lilifika mapema, na vijana wale nawapa sifa yao, maana walikuja watatu tu na mmoja wao hakuwa na kofia ya chuma.

Tangi la gari lile linabeba lita 5,000. Asiyejua ataona ni bahari. Mpira mmoja wa zimamoto ukifunguliwa sawasawa hula lita 400 hadi 500 kwa dakika. Fungua miwili, na ndani ya dakika tano au sita tangi limekauka, na moto ndiyo kwanza unaanza kuheshimu. Ndiyo sababu waliojenga mji huu walitandika mabomba ya kuzimia moto chini ya ardhi, yakiwa na vifuniko vya chuma kando ya barabara, ili gari likifika liunganishwe na bomba kuu na maji yaendelee kuja. Bomba mojawapo liko kwenye kona ya bustani, hatua ishirini na mbili kutoka lango la magharibi. Nimelifungua kwa mikono hii miaka nenda miaka rudi. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tulikwenda kulijaribu, tukaacha maji yamwagike hadi kutu yote itoke, kisha tukaupaka mfuniko rangi ya manjano.

Usiku ule dereva alizunguka na tochi akilitafuta. Hakuliona. Nikatoka na kikoi changu kiunoni nikamwonyesha lilipo, na pale lilipo palikuwa na kabro nyekundu na kijivu, zimepangwa kwa ustadi, zimeshindiliwa kwa mashine hadi kisu hakipiti. Mlikuwa mmeiboresha bustani Juni iliyotangulia. Mkandarasi alitandaza kabro juu ya mfuniko, mhandisi akaipitisha kazi, ninyi mkaja na tarumbeta mkakata utepe.

Tukaulizana mtaimbo uko wapi. Hata ulipopatikana, gari lilikuwa limekwenda kujaza maji kwenye kisima ng'ambo ya mji. Lilirudi baada ya dakika thelathini na tano. Nilitazama saa, ni mazoea ya kazi. Nyumba ya kwanza ilikuwa imekwisha. Ya pili ilikuwa imebaki kuta. Ya tatu ilikuwa ya mama mjane anayesuka mikeka, na ukili wake wa miezi mitatu, ambao alikuwa ameshauchambua na kuupaka rangi, uliondoka kama karatasi. Hakufa mtu, alhamdulillahi. Sipendi kulisema hilo kwa sauti kubwa mbele yenu, kwa sababu nimeona jinsi "hakufa mtu" inavyogeuka kuwa sababu ya kutofanya lolote.

Wiki iliyofuata nilipeleka barua ofisini. Mapokezi walinigongea muhuri kwenye nakala yangu, muhuri mzuri wa wino wa buluu. Muhuri ninao. Bomba bado liko chini ya kabro.

2. Kuzaa si kazi, kazi kulea.

Nina daftari. Mwaka wa kwanza nilioanza kuandika, mlijenga lango. Mwaka wa pili ukuta ulipakwa rangi, na pembeni ukasimamishwa ubao mkubwa wenye picha za viongozi. Mwaka wa tatu mlileta kabro za kijivu. Fundi wa mwaka ule, namkumbuka kwa wema, aliacha nafasi ya mfuniko wa bomba. Mwaka wa nne mlileta taa za sola. Mwaka wa tano kabro za kijivu ziling'olewa, nzima nzima, zikapakiwa kwenye lori kwenda nisikokujua, zikatandazwa nyingine za rangi mbili. Katika daftari lote hakuna ukurasa nilioandika: leo wameajiri mtunza bustani.

Hoja yenu naijua, kwa hiyo niiseme mimi kabla yenu. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti ya kaunti iende kwenye maendeleo, na kanuni zake zinataka mishahara isizidi asilimia 35 ya mapato. Ilitungwa kwa nia njema, ili pesa yote isiishie kwenye posho na mishahara. Lakini tazameni inavyotembea ikifika mtaani kwetu. Lango ni maendeleo. Kabro ni maendeleo. Lile dimbwi la maji ya kuruka, ambalo sasa ni makao ya mbu, lilikuwa maendeleo. Mtu wa kumwagilia miche ni matumizi ya kawaida. Dizeli ya gari la zimamoto ni matumizi ya kawaida. Balbu, kufuli, mnyororo wa bembea, mshahara wa mlinzi, vyote ni matumizi ya kawaida, na matumizi ya kawaida ndiyo ya kwanza kukatwa kila fedha zikichelewa kutoka Nairobi. Matokeo yake kila kinachozaliwa kina fungu lake, na kila kinachotaka kulelewa ni yatima. Nawaonea huruma kidogo, maana hata mwenye nia safi akikaa kwenye viti vyenu atajikuta anajenga tu.

Kidogo, nimesema. Sheria imeweka kiwango cha chini cha maendeleo na kiwango cha juu cha mishahara. Haijakataza mtu kununua balbu. Haijakataza mkataba wa kabro uwe na kipengele cha mkandarasi kuitunza kazi yake miezi kumi na miwili kabla ya kulipwa salio. Na hakuna kifungu kinachosema kabro nzima zing'olewe ili ziwekwe kabro nyingine.

Enzi za baraza la zamani bustani hii ilikuwa na mzee mmoja, reki moja, toroli moja na mpira mrefu wa kumwagilia. Alikuwa akifungua lango saa kumi na mbili asubuhi na kulifunga saa tatu usiku. Alijua mti upi una mchwa na mtoto yupi hutupa mawe. Sisemi baraza lile lilikuwa la malaika. Mishahara yetu ilichelewa hadi miezi mitatu, na buti nilizozimia moto mwaka wangu wa mwisho nilijinunulia mwenyewe sokoni. Nasema tu kwamba mzee yule alikuwa bei rahisi kuliko lango.

Hesabu hiyohiyo iko kwenye kituo cha zimamoto. Mlinunua gari jipya, mkalipitisha barabarani na king'ora, watu wakapiga vigelegele. Vijana wangu, nawaita wangu ingawa wengine walizaliwa nikiwa kazini, wananiambia kuna siku linalala kwa kukosa dizeli, na mipira iliyotoboka hufungwa kwa vipande vya tairi. Mitungi ya hewa ya kuingilia kwenye moshi ipo, lakini mingine haijajazwa. Moshi ndio unaoua, waheshimiwa. Mzimamoto asiye na mtungi husimama mlangoni akisikia mtu anakohoa ndani.

3. Giza, na muuza kahawa.

Taa zile za sola zilikuwa kumi na nane. Zinazowaka sasa ni nne, na moja kati ya hizo nne huwaka mchana. Betri nyingine zilikufa, nyingine ziliibwa. Ile taa ndefu ya mulika mwizi ya kituo cha matatu, iliyokuwa ikitumulikia hadi huku, ilizimwa kwa deni la umeme, ikawashwa wiki ya uchaguzi, ikazimwa tena.

Hapa pwani mchana si wa bustani. Jua linachoma, watu wako kazini au ndani. Bustani yetu inaishi kuanzia alasiri, na uhai wake wenyewe uko baina ya magharibi na saa tatu za usiku, upepo wa bahari unapoanza kuja na kina mama wanataka kutoka na watoto. Kuizima taa saa hiyo ni sawa na kufunga shule wakati wa masomo. Siku hizi mabinti wanaotoka tuisheni wanazunguka nyuma ya msikiti, njia ndefu, ili wasikatishe bustanini.

Ninyi mkalitibu giza kwa askari. Miezi sita iliyopita askari wa kaunti walikuja kusafisha bustani, na wakaanza na muuza kahawa. Walichukua dele lake, jiko na vikombe. Wakamwondoa mama wa mahamri na mihogo ya kukaanga. Wakawaondoa wazee wa bao. Baada ya kusafisha, wakapanda gari wakaenda zao.

Kama yupo aliyewashauri kwamba hivyo ndivyo usalama unavyoletwa, basi hakuwahi kukaa hapa usiku hata mara moja. Muuza kahawa yule alikaa kona ileile miaka tisa. Alikuwa na taa yake ya chemli, baadaye taa ya kuchaji. Alimjua kila mpita njia, na mgeni akisimama mahali kwa muda alimwuliza, kwa adabu, anamtafuta nani. Wazee wa bao walikuwa macho kumi na mawili yasiyolipwa. Mlipowaondoa, waliobaki gizani ni wale msiowataka, na hamna askari wa kukesha nao.

Nendeni Forodhani, Unguja, mkajionee. Bustani ile ilipotengenezwa upya na Wakfu wa Aga Khan wa Utamaduni pamoja na Serikali ya Zanzibar, ikafunguliwa tena mwaka 2009, wauza vyakula vya usiku walipewa nafasi yao ndani ya mpango. Taa ziliwekwa, na mapishi yakaendelea. Ukifika pale saa mbili usiku utakuta bibi na mjukuu wake wamekaa ukutani wanakula urojo, na hutaona haja ya kuuliza polisi yuko wapi. Kwa safari ya mafunzo, waheshimiwa, Unguja ni karibu kuliko Dubai.

Najua polisi ni wa serikali kuu na hamuwaamrishi. Lakini Sheria ya Huduma ya Kitaifa ya Polisi ya 2011 ilianzisha Mamlaka ya Polisi ya Kaunti na ikampa gavana, au mtu atakayemteua, uenyekiti wake. Mara ya mwisho ilikaa lini hapa kwetu? Wajumbe wetu wa Nyumba Kumi hawajaitwa kwenye kikao chochote.

4. Choo, maji na mtelezo.

Hili nalipitia haraka kwa sababu ni aibu kuliandika. Choo cha bustani kina vigae vingi kuliko nyumba yangu, na kimefungwa kwa kufuli tangu siku ya pili baada ya kuzinduliwa. Ufunguo uko kwa mtu, na mtu yuko mkutanoni. Bomba la maji ya kunywa lina koki ya kung'aa isiyotoa tone. Mtelezo wa watoto umepasuka bati. Mjukuu wangu alishonwa nyuzi saba pajani, na baada ya hapo nilikwenda mwenyewe nikaufunga kwa kamba. Kamba hiyo ndiyo matengenezo pekee ambayo mtelezo ule umeyaona. Kama mtanishtaki kwa kuharibu mali ya umma, nipo.

5. Njia ya gari la zimamoto.

Gari la zimamoto lililojaa maji lina upana wa karibu mita mbili na nusu, na linahitaji nafasi ya kupindia. Upande wa mashariki wa bustani mmeruhusu vibanda vya mabati pande zote mbili za barabara, na mnawatoza wenye vibanda ushuru kila asubuhi, risiti ninazo. Siwaombei wachuuzi wale wafukuzwe. Nimeshasema ninavyofikiri juu ya kufukuza. Naomba safu moja irudishwe nyuma hatua tatu, na ushuru mnaokusanya uanze kwa kuchora mstari chini. Soko la Gikomba, Nairobi, limeungua mara nyingi hata watu wakazoea kusikia. Moto wa tarehe 28 Juni 2018 uliua watu 15. Barabara iliyozibwa haionekani kuwa tatizo mpaka usiku huo mmoja.

6. Ardhi yenyewe.

Kuna maneno mjini kwamba kipande cha bustani upande wa baharini kimepimwa. Sitamtuhumu mtu kwa maneno ya mjini. Nauliza tu: bustani yetu ina hati? Mipaka yake iko kwenye ramani gani, na nani anaweza kuiona?

Nauliza kwa sababu historia ya nchi hii inatufundisha kuuliza mapema. A. M. Jeevanjee aliwapa watu wa Nairobi bustani ile yenye jina lake mwaka 1906, na bado mwaka 1991 ukaja mpango wa kuifanya maegesho ya magari; ilibaki bustani kwa sababu wananchi walikataa. Mwaka 1989 jengo la ghorofa 60 lilipangwa kuinuliwa ndani ya Uhuru Park, na Wangari Maathai akaanza kuandika barua, moja baada ya nyingine, kwa kila ofisi aliyoidhania inasikia. Alitukanwa hadi bungeni. Jengo halikujengwa. Mimi si Wangari Maathai na bustani yetu ni ndogo, lakini mkono wa kuandika ninao.

7. Vikao vya wananchi, na lugha yake.

Mwezi uliopita tuliitwa kwenye kikao cha kutoa maoni juu ya bajeti. Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ofisi siku moja kabla. Tulipofika tukapewa soda na kitabu cha kurasa zaidi ya mia mbili, chote kwa Kiingereza, tukaambiwa tuna saa moja na nusu. Mama mjane wa ukili alikuwa ameketi karibu nami. Aliufungua ukurasa, akaufunga, akanirudishia kwa adabu kama mtu anayerudisha sahani ya chakula asichokila.

Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ni lugha ya taifa na pia ni lugha rasmi. Kifungu cha 201 kinataka wananchi washiriki katika mambo ya fedha za umma. Mtu hushirikije katika kitu asichokisoma? Sisi tulitia sahihi karatasi ya mahudhurio, na najua karatasi ile ndiyo iliyokuwa lengo la kikao. Itaambatishwa mahali, iseme watu 140 walishauriwa. Mimi ni mmoja wa hao 140. Sikushauriwa.

Sasa ninachokiomba. Nimekiandika kwa namna ambayo afisa wa bajeti anaweza kukiweka kwenye makadirio kabla ya tarehe 30 Aprili bila kuunda kamati.

Kwanza kabisa, ng'oeni zile kabro. Si zote. Ni eneo la mita moja kwa mita moja, hatua ishirini na mbili kutoka lango la magharibi, kuelekea kona ya msikiti. Inueni mfuniko usawa wa kabro na muupake manjano. Kisha fuateni kila bomba la zimamoto la mji huu kwa ramani ya zamani ya mamlaka ya maji, na lisilotoa maji lirekebishwe. Vijana wa zimamoto warudishiwe ile zamu ya kuyajaribu kila mwezi. Na kuanzia sasa mradi wowote wa barabara au bustani usipitishwe na mhandisi bila sahihi ya mkuu wa zimamoto. Sahihi hiyo haigharimu kitu.

Pili, mwaka ujao wa fedha msijenge chochote kipya bustanini. Hata benchi. Fedha mlizotenga kwa awamu ya sita ya uboreshaji zilipie watunza bustani wawili na mlinzi mmoja wa usiku, matengenezo ya taa, maji, choo na mtelezo. Mkiniambia sheria haiwaruhusu kuzihamisha zote kutoka fungu la maendeleo, basi zile zinazobaki kama maendeleo ziwe za mabomba ya zimamoto. Kuyafufua mabomba yaliyokufa ni maendeleo kwa tafsiri yoyote ya neno hilo.

Tatu, dizeli, mipira na hewa ya mitungi ya kituo cha zimamoto viwe na fungu lake lenye jina lake, lisilochanganywa na "usafiri na shughuli nyinginezo", na kiasi kilichotumika kila robo mwaka kibandikwe mlangoni mwa kituo. Wananchi wakipita wasome.

Nne, mrudishieni muuza kahawa dele lake. Pamoja na mama wa mahamri na wazee wa bao. Wapewe nafasi zilizochorwa, leseni ya bei wanayoiweza, na kila jioni wafagie pale walipokaa. Wakishindwa kufagia, waondoeni. Nitakuwa wa kwanza kuwaunga mkono.

Tano, mipaka ya bustani ipimwe hadharani, mawe ya mpaka yawekwe tukiona, na nakala ya ramani itundikwe ofisini mwa Meneja.

Na la mwisho: kitabu cha bajeti, hata kama ni kurasa kumi tu zenye habari za wadi yetu, kiwe kwa Kiswahili, kitufikie wiki mbili kabla ya kikao. Soda si lazima.

Nikikumbuka zaidi nitaandika tena, maana muda ninao na kalamu si ghali. Masika yanakuja, makuti yataloa, na kwa miezi michache moto utatupa nafasi. Kaskazi itarudi Desemba. Kuanzia mwaka wa fedha utakapofunguliwa tarehe 1 Julai hadi hapo mna miezi mitano, na kazi ya kuinua mfuniko mmoja nimewahi kuiona ikifanywa na mafundi wawili kuanzia asubuhi hadi adhuhuri, pamoja na chai.

Jumamosi ya kwanza ya Aprili, baada ya swala ya alasiri, nitakuwa pale kwenye kona na mtaimbo, tepu ya kupimia na chaki. Nitapiga alama juu ya kabro zinazotakiwa kutoka. Nawaalika mje, pamoja na mhandisi aliyeipitisha kazi ile. Sitamgombeza, nataka tu aione hiyo sehemu kwa macho yake. Mama mjane wa ukili atakuwepo, na vijana wa zimamoto walio nje ya zamu wameniambia watakuja. Kahawa nitailipia mimi, ikiwa muuzaji atakuwa amesharudishiwa dele.

Wenu mtiifu,

Mzimamoto mstaafu,
nyumba ya pili kutoka msikitini, inayotazama lango la magharibi la bustani